U Zote Nne za Rodah

"Neno hujui maana yake haliwezi kuhesabiwa!" Oketch, karani wa mizani ya majani chai hapa Roret, alimkatalia jirani yake, Rodah, na foleni yetu nzima ikasimama. Jana Rodah alimshinda Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa herufi, kwa kuweka muumuu, neno lililomaliza u zote nne za mchezo, na anayeenda mashindano Sotik Jumamosi ni mmoja tu.

"Vacuum, continuum, muumuu," Rodah akamhesabia. "Zote ziko na u mbili zimefuatana, zote ziko kwa kamusi."

"Muumuu ni nini?"

"Ni pointi! Wewe ukipanda mahindi, unayauliza maana?"

Mimi nilikuwa upande wa mahindi. Oketch akapima majani ya Rodah kwa hasira.

"Sasa Oketch," Rodah akamwambia, "jioni kuja kwangu tukule kimyet, ugali wetu. Ukishiba, utanipea zile zingine za u mbili, nisiende Sotik na tatu pekee."