Mwalimu Anaeli Sumari na Miguu ya Nyuki

Ndugu waombolezaji, wazee wa ukoo, mchungaji, walimu, wanafunzi, na ninyi mliotoka Ngaramtoni kwa miguu tangu alfajiri, poleni kwa msiba, poleni na mvua. Familia imenituma mimi Efraimu, mrina asali, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, nikikwama mahali msinicheke mimi, mcheke mwalimu wangu.

Mwalimu Anaeli Sumari alizaliwa hapa hapa juu ya Tengeru, katika migomba hii ya babu yetu, mwaka ambao haukuandikwa kwa sababu hakukuwa na wa kuuandika, ila mama alisema ni msimu ule mvua za vuli zilipokosa kunyesha, na tukihesabu kwa marika tunapata kama mwaka 1884. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu, mpole wa sauti, mbishi wa moyo, na jambo moja lazima lisemwe hata kama anatusikia, kwamba mtu huyu aliyefundisha watoto wa mlima huu habari za nyuki alikuwa akiwaogopa nyuki kuliko chui. Loo! Mmoja tu akimuuma, uso unavimba, macho yanapotea, siku mbili hatoki ndani. Mizinga yote aliyoifundishia niliishusha mimi.

Mwaka 1899 alichukuliwa pamoja na vijana wenzake kubeba mawe ya kujengea boma la Arusha, na huko, kwa kuwasikiliza askari na wapagazi, ndiko alikookota Kiswahili chake cha kwanza. Mwaka 1903 akaingia shule ya misheni, kijana mwenye ndevu akikaa benchi moja na watoto, akavumilia kuchekwa, akabatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 19 Mei 1907, na mwezi Agosti mwaka huo akapewa tawi letu hili la shule. Tarehe 25 Juni 1908 alifunga ndoa na Hanna, aliyesoma naye misheni na ambaye, wote tunajua, alimshinda kwa mwandiko, wakajaliwa watoto wawili, Solomoni, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1909, na Maria, aliyezaliwa tarehe 17 Desemba 1911.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapo ndipo maisha yake yalipokuwa. Darasa lake lilikuwa la watoto wetu wa Kimeru, na watoto wa Kiarusha waliokuja kwa shangazi na wajomba zao, wanaosema Kimaa nyumbani na Kiswahili cha kubahatisha, na Bariki, ambaye hasikii tangu kuzaliwa. Mwezi Februari 1910 mzee Lomayani wa Ngaramtoni alimleta binti yake Namnyaki, ambaye ndui ilimchukua macho akiwa na miaka minne, akamwambia mwalimu kwamba hataki mtoto wa kuonewa huruma, anataka mtoto wa kufundishwa, na kama shule haiwezi, amrudishe nyumbani akae. Mwalimu akakubali mbele ya mashahidi, nami nilikuwapo, nikajiambia moyoni kwamba kaka yangu amejitia kitanzi.

Somo la nyuki lilikuja likiwa picha kubwa ya kutundika ukutani, na kazi ya mtoto ilikuwa kutazama na kutaja, kichwa, kifua, tumbo. Siku ya kwanza Anaeli alitundika picha, akasema maneno yake, akageuka, akaona kwamba mmoja haoni picha, mmoja hasikii maneno, na wengine wanayasikia tu bila kujua maana yake. Alikuja shambani kwangu mchana ule ule akitaka mzinga wenye nyuki hai. Nikamwambia ana wazimu. Akasema sawa, ataungojea.

Basi tukauweka juu ya magogo asubuhi ya baridi, mlango nimeuziba kwa majani, yeye amesimama mbali huko kwenye mgomba, akifundisha kwa kupaza sauti. Bariki aliweka kiganja juu ya mti wa mzinga, akakitoa kwa kushtuka, akakirudisha, akacheka mpaka machozi, maana alikuwa amewasikia nyuki kwa mkono. Watoto wa Kiarusha waliambiwa waanze wao kueleza, kwa Kimaa, jinsi wazee wanavyobariki kwa asali, mwenzao akitafsiri, na siku hiyo walioshika mkia darasani wakawa walimu. Na kwa ajili ya Namnyaki alifinyanga nyuki wa nta, ukubwa wa ngumi, miguu ya vijiti vya ufagio, mabawa ya jani kavu la mgomba, akamwachia vidole vyake vimsome taratibu, siku nne, bila kumharakisha.

Tarehe 8 Novemba 1910 akaja mkaguzi, mgeni ambaye familia haitamtaja jina, akauliza darasa zima nyuki ana miguu mingapi. Watoto wakakazia macho picha ya ukutani, na picha ile, jamani, ilichorwa nyuki akionekana ubavu mmoja tu, wakajibu kwa pamoja, mitatu! Ndipo Namnyaki, ambaye hakuulizwa, akasema kutoka benchi la nyuma kwamba ni sita, mitatu huku na mitatu huku. Mkaguzi akaisogelea picha, akaomba aletewe nyuki, nikamletea mfu, akahesabu. Alilisifu jibu, lakini kwenye orodha ya wanafunzi akapiga mstari juu ya jina la Namnyaki, akisema kanuni haina mwanafunzi asiye na macho.

Wengine wangejivunia siku ile, Anaeli hakujivunia, alimwambia Hanna kwamba amewapunja wenye macho, kwani yeye alimpa Namnyaki nyuki mzima na wao akawapa nusu. Kuanzia kesho yake kila mtoto alifumba macho na kushika kwanza, picha ikaja mwisho. Na kila mwaka alipeleka orodha yenye jina la Namnyaki, kila mwaka ikarudi na mstari, akaonywa kwamba ataondolewa, naye akaliandika tena. Mkaidi yule! Mzee Lomayani alipouliza kama mtoto wake ni mwanafunzi au si mwanafunzi, alijibiwa kwamba ni mwanafunzi, daftari ndilo limechelewa.

Mwezi Novemba 1912 mwalimu alianza kuugua kifua, akatibiwa na daktari wa misheni, na kufikia Januari hakuweza tena kusimama, hivyo somo la nyuki mwaka huu amelifundisha Namnyaki mwenyewe, na hakuna mzazi aliyemtoa mtoto wake. Alhamisi tarehe 13 Machi orodha ilirudi. Asubuhi ya Ijumaa alimwomba Hanna amsomee, maana hakuweza kuinua kichwa, naye akasoma majina thelathini na moja, na alipofika la ishirini na mbili hakusita. Mwalimu akamwomba alirudie hilo. Hanna akalirudia, Namnyaki wa Lomayani. Akasema basi, akafumba macho, na kabla ya adhuhuri akawa ametutoka, akiwa na umri wa miaka kama ishirini na tisa.

Mstari ulikuwepo juu ya jina lile, ndugu zangu. Hanna amenituma niseme hadharani, kwa sababu katika ndoa yao hakuwahi kumdanganya mumewe, na siku aliyomdanganya ni hiyo.

Familia inamshukuru daktari aliyepanda mlima huu mara tisa, majirani walioleta kuni, maziwa na ndizi bila kuombwa, walimu wenzake waliokesha naye kwa zamu, na mzee Lomayani, aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake. Wenye kalamu ya orodha mko hapa pamoja nasi, nasi tunawaomba kitu kimoja tu, msimwache Hanna awe mwongo.

Nenda kapumzike, kaka yangu, amani ya Bwana ikulaze.