Mwalimu Kalolaine Abaki Fotulahi

Mgeni rasmi, Mchungaji Mosese Taukolo, Mkurugenzi wa Elimu wa kanisa letu; wazee wa kanisa; Mwalimu wetu Kalolaine: sisi wanafunzi kumi na tisa wa shule ya kanisa ya kisiwa cha Fotulahi tunawasalimu kwa jina la Bwana.

KARIBU
Mgeni rasmi, karibu sana, na pole kwa mawimbi. Mgeni wa mwisho kufika hapa alikuja kutengeneza tangi la maji, akaondoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo tutakukodolea macho kidogo, utusamehe.

HISTORIA FUPI
Miaka sita iliyopita tulikuwa wanafunzi sitini. Kisha wazazi wakaanza kwenda Australia kuchuma zabibu, na wengine wakawahamishia watoto wao Nuku'alofa, mji mkuu wetu. Sisi tuliobaki tunaishi na bibi zetu. Mwaka jana ofisi yako ilituletea kompyuta tatu zenye akili mnemba. Tulifurahi, maana tulipata wa kuongea naye.

MAFANIKIO
Hapa tuseme ukweli. Kila Mei, Jumapili ya Watoto, mtoto husimama kanisani kusema maneno aliyoyakariri, na watu wake hulia kwa furaha. Pisila, anayesoma risala hii, aliiomba mashine imwandikie. Akasimama, akasema vizuri kabisa: "Asante mama, uliyenisuka nywele leo asubuhi, na sasa umeketi hapo mbele yangu." Mama yake yuko Australia, mwaka wa tatu huu. Bibi yake akauliza kwa sauti, "We Pisila, unamwona nani hapo, mjukuu wangu?"

Kesho yake shuleni tulimtania: "Mama yako wa kompyuta hajambo?" Tunaona aibu kuyasema haya.

Mwalimu hakumgombeza, wala hakuzifungia kompyuta. Alikaa naye benchi moja, akamwuliza, "Ulitaka kumwambia nini mama?"

"Sijui, Mwalimu. Nimeanza kusahau sauti yake."

Wakaandika hilo. Tangu siku ile, kwanza unaandika la kwako kwa mkono, unamsomea mtu, ndipo unaiuliza mashine. Jibu lake tunalipima pamoja darasani, kwa Maandiko na kwa mambo tunayoyajua. Kuhusu kisiwa chetu imeshakosea mara nyingi, na tunaikamata. Sala za asubuhi tunatunga wenyewe. Ni fupi na zina makosa, ila Mwalimu anasema zinafika.

CHANGAMOTO
Barua ya ofisi yako inasema sisi ni wachache mno kuwa na mwalimu. Mashine itatufundisha, naye Mwalimu ahamie Nuku'alofa. Mgeni rasmi, mashine inajibu vizuri. Lakini haijawahi kutuuliza kwa nini hatukula. Wiki aliyougua Mwalimu tuliongea nayo siku tano, na Ijumaa tukagundua hatujaongea sisi kwa sisi. Tuliogopa.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi manne: mabati, vitabu, taa na mpira. Tumeyafuta. Hata kompyuta zote tatu zichukue ukipenda. Meli iliyokuleta inaondoka kesho asubuhi, na Mwalimu ameshakatiwa nafasi. Masanduku yake mawili yako pale mlangoni, na ametukataza tusiyaguse. Tunaomba ruhusa yako tuyarudishe ndani.

Mungu akufikishe salama, na awatunze wazazi wetu huko walipo.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Shule ya Kanisa, Fotulahi