Gari Isiyotaka Kusukumwa

Pale Tibirinzi, njia inapoanza kuteremkia Chake mjini, palikuwa na baraza ya udongo mbele ya nyumba ya Hamad muuza kahawa, na kila asubuhi ungewakuta wale wale watatu. Mzee Shaame alikaa pembeni, mjane, miguu imemkatalia kupanda mikarafuu lakini mikono bado ni ya mchumaji. Karibu naye alikaa Hija, aliyewahi kufanya kazi chumba cha mashine melini, wenziwe wakamwita Spana. Na Silima, ambaye habari za dunia zilimfikia yeye kwanza, alikuwa Redio. Jina lake la kweli alilikumbuka mkewe tu. Ulikuwa wakati wa siasa, watu wameanza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali, na baraza nyingi zimegawika. Ya Hamad haikugawika. Ilikuwa na kazi ya kufanya: kusukuma teksi ya kijana Msellem.

Teksi yenyewe ilikuwa ya dizeli, kongwe, na ilipopoa haikuwaka kwa ufunguo wala kwa hendeli. Msellem aliilaza uani kwake, bondeni kidogo nyuma ya baraza. Asubuhi alikuja kwa adabu zote, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha akasema, "Wazee wangu, nisaidieni." Nao huinuka, wakaisukuma mpaka ukingo wa mteremko, ikaporomoka, ikakohoa, ikanguruma, ikapotea na moshi wake. Hao hurudi kwenye kahawa wakihema na kucheka, kila mmoja akidai mkono wake ndio ulioiwasha.

Basi baada ya Sikukuu, Msellem akaiuza ile dizeli Wete, akaja na gari ya petroli, rangi ya maziwa. Hii ilikuwa ukizungusha ufunguo imeshawaka. Siku za mwanzo baraza nzima ilimpongeza. Lakini alikuwa akifika pale anapunga mkono, anapita. Kesho vile vile. Keshokutwa vile vile.

— Kapita, alisema Silima asubuhi moja.

— Kapita, akajibu Hija.

Shaame aliitazama njia mpaka gari ikazama mteremkoni, bila moshi, bila kelele, kama mtu anayetoka msikitini huku wenziwe bado wanaomba dua.

— Nyie hamjui mafuta, alianza Hija. Dizeli nzito, yamtuliza mtu. Petroli nyepesi, kama hewa. Ukiivuta kutwa nzima, na kichwa chawa chepesi. Kesho atampita mkewe njiani asimjue.

— Mbona katupungia? aliuliza Hamad, akimimina.

— Mkono wajua. Kichwa ndicho kisichojua.

Silima akatikisa kidole.

— Acha mafuta yako, yakhe. Gari safi kama ile kaitoa wapi? Kapewa na chama.

— Chama gani? aliuliza Hija.

— Hicho kisichokuwa chetu.

— Chetu kipi? Wewe na mimi tuna chama kimoja?

Silima alikunywa funda moja kwanza.

— Ndiyo maana hasimami, alisema. Akisimama, atakaa upande wa nani?

Neno lile halikumchekesha mtu. Walijua baraza ya mtaa wa pili ilivunjika hivyo hivyo, kwa mtu mmoja kuacha kukaa, na wenziwe kumtafutia sababu mpaka ikapatikana mbaya. Hija aliligeuza haraka.

— La! Nimekumbuka. Kule melini, petroli ilikuwa haiwekwi karibu na jiko. Ile ina pua, bwana. Yanusa moto. Ikiona kaa moja, hiyo huruka. Msellem hasimami kwa sababu ya jiko la Hamad!

— Toka zako, alisema Hamad, akacheka. Kisha akalitazama jiko lake, akalitazama na njia. Akainama, akalibeba jiko na dele lake la kahawa juu, akalipeleka nyuma ya ukuta.

— Si kwamba naamini, alisema aliporudi. Pale pana upepo mzuri.

Shaame aliwasikiliza kwa nusu sikio. Yeye dhana yake hakuitoa, kwa kuwa ilimuuma. Aliona jambo lenyewe halina mafuta wala chama: kijana alikuwa na haja nao, na sasa hana. Tangu mkewe, Bi Mwanawema, afariki, nyumba ya Shaame ilikuwa na siku ndefu, na ile safari fupi ya kusukuma gari ndiyo iliyomtoa kitandani. Alikuwa akitawadha, akiswali, akijiambia: haya, kuna watu wananingojea. Hakuwahi kumwambia mtu. Mtu mzima atasemaje kwamba anakosa kusukuma gari?

Ndipo akatokea mgeni kutoka upande wa mashamba, kanzu imekunjwa hadi magotini, vumbi mpaka masikioni, kabeba mkungu wa ndizi begani. Akatoa salamu, akaitikiwa, akapewa nafasi.

— Miye Jaribu, wa Pujini. Namtafuta Msellem mwenye teksi.

— Kakudhulumu? aliuliza Silima, akisogea karibu.

— Kanidhulumu? Kaniokolea watu wangu! Juzi mke wangu, Moza, kashikwa na uchungu, mvua yanyesha, mkunga kainua mikono, kasema hili si langu, mpelekeni hospitali. Mtu akaja kumwita Msellem. Kaja mpaka mlangoni. Moza hatembei, twambeba, twachukua muda, gari kaizima ili asivute moshi. Moyo wangu ukasema, imezimwa, haitawaka tena, pale kwetu jirani wote wako ng'ambo ya bonde, nani atasukuma? Kagusa ufunguo, hiyo! Imewaka. Daktari kasema tungechelewa kidogo tu, angalizikwa mmoja au wote wawili. Sasa yuko wodini, yeye na mwanawe wa kike, wanalala.

— Alhamdulillahi, walisema wote kwa pamoja.

— Alhamdulillahi. Nimemletea ndizi, sina kingine. Nikaambiwa nije hapa, kwamba nyie ndio watu wake.

Wakatazamana.

— Hupita, alisema Hamad.

— Hupita, akaongeza Hija, akikuna shingo.

Jaribu aliweka mkungu chini, akafuta jasho.

— Basi siku hizi anakunywa kahawa wapi?

Silima, ambaye alijua hata magavana hunywea wapi kahawa, hili hakulijua. Walikuwa wamemtafutia Msellem kichwa chepesi, chama na jiko, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kijana yule, ambaye naye hana baba, asubuhi yake anaimaliza na nani.

Shaame aliinuka. Alichukua kikombe chake, hakukinywa, akatembea mpaka katikati ya njia akasimama.

— Mzee, utagongwa! alipiga kelele Hamad.

— Huyu hanigongi.

Gari ilikuwa inarudi kutoka mjini kufuata abiria. Ilipanda mteremko, ikamwona, ikapunguza, ikasimama mbele ya magoti yake. Msellem akatoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

— Mzee Shaame! Kuna nini? Nani kaumwa?

— Hakuna aliyeumwa. Kahawa yako inapoa.

Msellem alimtazama yeye, akatazama baraza. Kisha akazima gari, akashuka. Akawapa mkono mmoja mmoja kama zamani, akakaa ukingoni mwa baraza, kikombe cha Shaame mikononi.

— Yakhe, siye tumekukosea? aliuliza Hija.

— Mnikosee vipi? Nilikuwa sijui nisimame niseme nini. Siku zote nimesimama hapa nikiomba. Nikiwa sina la kuomba, nikaona nitawasumbua.

— Na dizeli uliiuzia nini? alisema Shaame. Ilikuwa inakwenda. Tulikuwa tunaisukuma.

Msellem alikizungusha kikombe.

— Mzee wangu, siku ile mwezi wa Ramadhani ulipiga magoti pale ukingoni. Ukacheka, na wenzio wakacheka. Mie nilikuona kiooni kabla hujacheka.

Shaame aliteremsha macho. Aliikumbuka siku ile, kifua kimembana kama kimefungwa kamba, na jinsi alivyojilazimisha kucheka ili wasimwache nyuma siku ya pili. Alidhani ile siri aliificha vizuri. Kumbe mtu aliiona, akaenda zake, akabadilisha gari.

Akashindwa kujua akasirike au alie. Alipoinua uso, hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

— Ahsante, mwanangu, alisema. Umeniona.

— Ahsante ni yenu. Nani angenilisha mimi miaka yote ile, kama si mikono hii?

Jaribu naye hakungoja tena, akamwekea mkungu wa ndizi miguuni na kuanza shukrani zake upya, na Silima akawa anamsaidia pale aliposahau, kana kwamba alikuwapo Pujini kwenye mvua. Mwisho Msellem akainuka, akasema anampeleka Jaribu hospitali akamtazame mwanawe. Akaingia garini. Na hapo wazee watatu, bila kuambizana, wakawa wameshainuka, wamezunguka nyuma, mikono juu ya buti.

Gari ikawaka yenyewe. Wakabaki wameishika.

— Wazee wangu, alisema Msellem, ametoa kichwa dirishani, anacheka mpaka machozi. Milango iko ubavuni.

Shaame alikaa mbele. Miaka yote aliijua gari ya Msellem kwa mgongo wake, ikizama mteremkoni na kumwacha juu; leo njia ilimfungukia yeye, mabati ya Chake chini, na maji ya mkono wa bahari yanang'aa nyuma yake. Gari ilikuwa kimya kiasi kwamba walizungumza bila kupaza sauti. Nyuma Hija alikuwa anamweleza Jaribu kwamba mtoto aliyezaliwa kwa petroli atakuwa na mbio.

Shaame akatazama kiooni. Barazani hapakuwa na mtu ila Hamad, amelitoa dele nyuma ya ukuta, amesimama nalo mkononi, hajui ammiminie nani.