Mama Pindo na Chaki Zake

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na muuza vitambaa. Mama yetu alimlea kwa upole, ila alimfunza pia kwamba mambo ya mwezi hayasemwi, hata kwa dada. Fundisho hilo alilishika kuliko yote.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na stendi ya mabasi, kisha chuo cha ushonaji, alichomaliza mwaka 1991. Mwaka uliofuata alifungua chumba chake cha cherehani nyuma ya duka la dawa, akafanya kazi hapo maisha yake yote. Jina alilipata kwa pindo lake la sketi, ambalo hata ukiligeuza ndani nje, uzi huuoni.

Mwaka 1995 aliolewa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Shemeji ndiye aliyemnunulia chaki za kuchorea vitambaa, nazo zilikwisha upesi ajabu. Siku moja akamtania mezani mbele yetu sote: "Mke wangu, hizi chaki unachorea au unatafuna?" Tukacheka mpaka machozi, na Mama Pindo akacheka kutushinda. Midomo yake ilikuwa na weupe wa unga. Tulidhani ni kawaida ya mafundi kushika vitu kwa meno.

Alikuwa anazitafuna kweli. Kwa miaka mingi damu yake ya mwezi ilitoka kupita kiasi, kwa sababu ya uvimbe katika mfuko wa uzazi, na mwili uliopungukiwa madini ya chuma ukaanza kutamani chaki. Aliona aibu kwa yote mawili. Alijishonea sketi nyeusi tupu. Wateja wakadhani ni mtindo, wakaagiza za kwao. Akipanda ngazi za nyumbani, moyo ulimwenda mbio, akakaa kupumua. Alipotuambia amechoka, tulimjibu, "Nani hajachoka?"

Mwaka 2020 alipimwa, akaambiwa damu imepungua mno, akapewa vidonge vya chuma. Choo kikawa cheusi. Vidonge hivyo ndivyo vilivyo, wala si hatari, lakini yeye aliogopa, na mhudumu wa zahanati alikuwa kijana wa umri wa mwanawe. "Nimwambieje mtoto wa kumzaa habari za choo changu?" alimwambia binti yake mkubwa baadaye. Akaviacha kimyakimya. Ile damu ya mwezi nayo hakuitaja, kwa hiyo hakuna aliyeutafuta uvimbe.

Alilazwa Juni 2023, moyo ukiwa umeelemewa. Aliongezewa damu polepole, akapata nguvu za kuongea. Akamwita binti mkubwa karibu na kitanda, akalivuta chini kope la jicho la binti. Ndani palikuwa peupe, pasipo wekundu wa damu.

"Na wewe unatafuna nini?"

Binti akainama. "Mchele mbichi, mama."

Mama Pindo akalia. Alisema mwenyewe kwamba halii kwa maumivu, analia kwa aibu. Kisha akatuagiza: "Msije mkaandika 'baada ya kuugua kwa muda mfupi.' Sikuugua muda mfupi mimi. Andikeni damu, chaki, choo, vyote. Halafu msome kwa sauti."

"Mbele za watu, mama watoto?" aliuliza shemeji.

"Mbele za watu. Aibu ni yangu, na mimi sitakuwepo."

Alifariki tarehe 27 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Ndiyo maana tumesoma, ingawa hatuwezi kuinua nyuso. Binti mkubwa sasa anameza vidonge vyake kwa maji ya machungwa, si kwa chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ataendelea navyo kwa miezi hata akijiona mzima, na daktari anatafuta kinachommalizia damu. Mezani kwao maharage, mboga za majani na maini havikosekani tena.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wawili, sisi ndugu zake, sketi ya mteja isiyokunjwa pindo, na ndani ya mfuko wa aproni yake, kipande cha chaki chenye alama za meno.

Apumzike kwa amani dada yetu. Alipotuambia amechoka, alikuwa amechoka kweli.