Ng'ombe Aliyetafuna Mfupa

Ndugu zangu, Mungu amenipa nguvu za kusimama leo, nami nitazungumza juu ya mwanangu wa kwanza. Alizaliwa kwetu milimani, Rurambo, wakati wa maasi, miaka michache baada ya uhuru.

Mama yake aliugua homa, maziwa yakamkauka. Mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, Bihogo. Kule bondeni waasi na askari walikuwa wanapigana, na njia ya soko la Bwegera ikafungwa. Ninyi wachungaji wa ng'ombe mnajua: chumvi ya mifugo tuliipandisha kutoka huko.

Chumvi ilipokwisha, Bihogo aliyaacha majani mabichi. Alilamba kuta. Alilamba shati langu lenye jasho. Kisha tukamkuta anatafuna mfupa mkavu wa ndama aliyekufa, mate yanamtiririka, macho ameyafumba kama anayekula kitu kitamu.

Baba yangu mkubwa akasema, "Ng'ombe anayekula mwenzake amerogwa. Maziwa yake yasiingie kinywani mwa mtoto."

Kwa desturi yetu mke wangu hakuweza kumjibu mkwe. Alinijibu mimi, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Weye mume wangu, minye nilipokuwa na mimba nilikula udongo wa ukuta. Mbona hamukusema nimerogwa?"

Baba mkubwa akacheka. "Mwambie yeye alirudia ugali. Tungoje huyu naye arudie majani."

Neno lake lilikuwa la mwisho. Tukamnywesha mtoto uji mwepesi wa mahindi. Tumbo lake halikuuweza. Tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Nawaambia bila kuficha, niliacha kuomba. Wenzangu walipofumba macho, mimi nilitazama ukuta.

Ndipo akapanda kwetu mama mmoja Mkatoliki, mkulima wa Runingu, amekimbia vita na mtoto mgongoni. Tulimpa pa kulala. Alipomwona Bihogo akaniambia, "Baba, huyu iko na njaa ya chumvi tu." Alichoma matete ya kinamasi, akachuja majivu yake kwa maji yakawa ya chumvi, akamtengea. Bihogo alikunywa mpaka akalamba chungu. Tuliendelea kumpa hivyo, akarudia majani, maziwa yakaongezeka.

Baba mkubwa aliomba maziwa yale, akanywa mbele yetu sote. Mke wangu akachukua kikombe cha mwanetu, akakijaza, akampa mtoto wa mgeni.

"Kunywa, mwanangu," akasema.

Nilitoka nje nikaomba. Sikuwa na maneno, nililia tu, na Mungu alinipokea hivyo hivyo.

Namshukuru mama yule, popote alipo. Namshukuru mke wangu, aliyempa mtoto wa mwingine kile ambacho wake alinyimwa. Nanyi nawaomba, mkimwona kiumbe wa Mungu anakula kisicholiwa, msitafute mchawi, tafuteni alichokosa. Tafuteni mapema. Sisi tulichelewa, na mwanetu amelala Rurambo.