Bawabu wa Anwani Moja

Katika hospitali hii mimi ndiye fundi mkali kuliko wote. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameanza kuniuliza maswali wao, na tangu hapo sijakutana na mashine iliyonishinda, isipokuwa ile ya kutoa tiketi za foleni, ambayo ilikuwa na kinyongo na mimi binafsi. Ndiyo maana kamati ya sherehe imenipa heshima ya kuandika wasifu huu, baada ya watu wanne wenye shahada kusema wametingwa na kazi.

Basi tuanze na tarehe, nisije nikaambiwa sijui taratibu. Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, msimamizi wetu wa mitandao anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi mitatu ya utumishi. Kwenye kitambulisho ana majina matatu; sisi tunamwita Bawabu. Saa hiyo hiyo ya kumi, afisa utumishi atalifunga faili lake, na kilichomo kitabaki humo milele. Zimo barua nane za pongezi na barua moja ya onyo. Chuo cha ufundi kinamtaka akafundishe kuanzia mwezi ujao, jambo ambalo amelitamani miaka yote, ila kinataka faili lisilo na onyo. Kamati imeniomba nisiiguse habari ya barua hiyo. Mimi ni msikivu, kwa hiyo tutaifikia polepole.

Alianza kazi akiwa karani wa masjala, enzi hizo kompyuta ya hospitali ikiwa moja, imefunikwa kitambaa alichokishona mkewe, na kuwashwa kwa kibali cha maandishi. Hakuna aliyemfundisha. Alisoma vitabu vya maelekezo vilivyokuja ndani ya maboksi, vile ambavyo sisi wengine tunawekea miguu ya meza, na miaka sita baadaye madaktari bingwa walikuwa wakimfuata korido nzima wakimbembeleza awarudishie faili walilolifuta wenyewe.

Kazi yake kubwa ilikuja programu zilipofika kumi na moja. Kila programu ilikuwa na anwani yake, namba tupu zenye nukta katikati. Wauguzi waliziandika viganjani, ukutani, na moja iliandikwa kwenye mlango wa friji la chanjo, ikafutwa na mtu wa usafi, na wodi nzima ikakosa maabara kwa wiki. Bawabu akasema hospitali itakuwa na anwani moja, basi. Watu wakacheka. Nami ningecheka, ila nilikuwa bado darasa la tatu.

Alichofanya ni hiki, na nitaeleza taratibu kwa ajili ya wenye shahada. Aliweka seva moja mbele ya nyingine zote; sisi tunaiita mashine ya mbele. Ukitaka huduma yoyote unaandika anwani ile ile ya hospitali, unaweka mkwaju, kile kistari cha kuinama, halafu jina la huduma: miadi, maabara, dawa, likizo. Mashine ya mbele inalisoma neno hilo na kukupeleka panapohusika, wewe usijue kwamba nyuma yake kuna mashine kumi na moja, mbili kati yake zikiwa zimekalishwa juu ya matofali.

Ugumu uko kwenye programu zenyewe. Programu nyingi huja na majivuno. Kila moja inadhani nyumba nzima ni yake. Ukiipa chumba kimoja, bado inawaelekeza wageni kana kwamba inamiliki geti, sebule na bomba la uani. Uko ndani ya miadi, unabonyeza Hifadhi, yenyewe inakurusha kwenye mlango mkuu ukatafute hifadhi huko, ambako hakuna kitu. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya programu na kuiambia inakaa wapi: wewe upo chini ya miadi, na kila kiungo chako kianze na miadi. Bawabu aliziambia zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, kwa upole ambao wanawe wanasema hawakuwahi kuuona wakati wa kufundishwa hesabu.

Mkurugenzi wa zamani naye alitaka chumba. Bawabu akampa: mkwaju, mkurugenzi. Kwa mwaka mzima ukurasa ule ulitembelewa mara saba, sita akiwa ni mkurugenzi mwenyewe, na ya saba ni mimi niliyekosea.

Halafu kuna daftari. Ni kubwa, lina jalada gumu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mashine ya mbele kabla ya kuandika humo kwa mkono wake: tarehe, anabadilisha nini, kwa nini, na sahihi. Siku moja nilimwambia, “Mzee, tuko karne gani? Mashine yenyewe inaweka kumbukumbu.” Akajibu bila kuinua macho, “Mashine inaandika ulichofanya. Daftari linakuuliza kwa nini, kabla hujafanya.” Nikamwambia maneno hayo yanafaa kubandikwa ukutani. Akasema sawa, ila nianze kwa kuomba kwenye daftari.

Mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, humpigia simu kila siku saa saba mchana kumuuliza kama amekula. Huwa hajala. Juzi mama huyo alinisimamisha getini. “Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda naye. Kile chuo kitamjibu lini? Maana nikikaa naye nyumbani wiki mbili, ataniwekea daftari jikoni nisaini kila nikihamisha sufuria.” Nikacheka. Nikamwambia, “Mama, watajibu tu.” Alinishukuru, akanishika begani.

Sasa tuifikie ile ambayo hatuigusi. Oktoba iliyopita ililetwa programu mpya ya miadi wakati Bawabu akiwa kwenye semina ya siku nne. Aliacha neno kwamba isubiri. Fundi mmoja kijana, mwenye kipaji cha kutisha, hakuona sababu ya kusubiri. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kinawarusha watu nje, kama nilivyokwisha kueleza. Mipangilio ya programu ilikuwa na maelezo ya kurasa tisini, na fundi yule si mtu wa kurasa. Akaingia kwenye mashine ya mbele, akaandika sheria moja: yeyote atakayefika mlango mkuu akitafuta hifadhi, apelekwe kwenye miadi. Ikafanya kazi hapo hapo. Wauguzi wakampigia makofi. Kwa furaha akaandika juu ya sheria ile maneno haya: “Usiguse, kazi ya bingwa.” Kwenye daftari hakuandika neno.

Kesho yake ikaja programu mpya ya maabara, ya kampuni ile ile, yenye majivuno yale yale. Nayo inatafuta hifadhi mlango mkuu. Bingwa akaibadilisha sheria yake, sasa ielekeze maabara, akajaribu jibu moja la damu, likakubali, akaenda kula. Tangu saa hiyo kila miadi iliyoandikwa mapokezi ilikuwa inapelekwa maabara, na programu ya maabara, kwa adabu zake zote, ilijibu “Imehifadhiwa, asante” na kuitupa.

Ilikuwa hivyo kwa siku mbili za kazi, Alhamisi na Ijumaa. Wagonjwa themanini na sita waliondoka na vikaratasi vyenye tarehe ambazo hazikuandikwa popote, na Jumatatu wakaanza kufika. Alikuwepo mwalimu wa chekechea aliyekuja na mama yake kwa upasuaji wa macho, amemshika mkono. Kwenye orodha hawakuwemo. Mwalimu yule hakupaza sauti. Alisema tu, “Lakini yule wa mapokezi alibonyeza mbele yangu. Iliandika asante.” Mama yake alipata nafasi nyingine baada ya miezi minne.

Bawabu alikuwa amesharudi. Kosa alilipata kwa dakika ishirini. Akaziambia programu zote mbili mahali zinapokaa, akaifuta ile sheria pamoja na maneno yaliyokuwa juu yake, akaandika kwenye daftari alichofanya na kwa nini. Kisha akachukua vishina vya vile vikaratasi, akakaa na simu siku tatu, akampigia kila mmoja wa wale themanini na sita. Alianza kila simu vile vile: “Natoka hospitali. Tumekosea sisi, siyo wewe.”

Kikao kikaitishwa. Taratibu zetu ni fupi: mwenye sahihi ya mwisho kwenye daftari kabla ya kosa ndiye mwenye kosa. Sahihi hiyo ilikuwa ya Bawabu, ya wiki moja kabla, alipobadilisha neno la siri. Afisa utumishi akamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyeigusa mashine. Akasema, “Mashine ya mbele ni yangu.” Barua ikaandikwa alasiri ile ile.

Kwa hiyo, mzee wetu, idara nzima inakushukuru kwa anwani moja ambayo hata mgonjwa mwenye maumivu anaweza kuikumbuka, kwa kutufundisha bila kutuaibisha, na kwa kutuvumilia, hasa wengine. Uishi miaka mingi yenye afya, mkeo akuchoke kidogo tu, na mwezi ujao ukasimame mbele ya darasa.

Kamati haijaisoma aya hii. Afisa utumishi ameisoma asubuhi saa tatu, ikiwa na barua yenye sahihi yangu, nikiomba lile onyo lihamishwe kabla ya saa kumi liingie kwenye faili langu, ambalo lina nafasi ya kutosha. Amesema atalipeleka ombi hilo kwa mkurugenzi, na hajaahidi kitu. Fundi yule ni mimi. Ile sheria ningeweza kuiita bahati mbaya. Mafundi hukosea, hata sisi wakali. Lakini siku ya kikao nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Lilipoulizwa lile swali aliniangalia mara moja, akasubiri kidogo, halafu akajibu yeye. Alinipa muda wa kutosha kusema, na mimi niliutumia kutazama viatu vyangu.