Bi Biubwa Anastaafu, Kompyuta Zetu Hazina Habari

Mdau wangu wa nguvu, kaa vizuri. Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi Biubwa Shomari, katibu muhtasi wa chuo chetu cha ufundi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Binadamu wote tumetaarifiwa. Kompyuta bado.

Bi Biubwa alianza kazi hapa Misugusugu enzi za taipureta, akichapa barua kwa kasi mpaka wapita njia wakadhani tunakaanga bisi. Kompyuta zilipoletwa, fundi aliomba barua pepe ya chuo ili asajili leseni za Windows. Chuo hakikuwa nayo. Uongozi ukakaa kikao, ukanywa chai, ukaahidi kulishughulikia. Bi Biubwa akaona fundi atazeekea mapokezi, akampa barua pepe yake mwenyewe. Leseni zote zikaingia kwenye akaunti yake.

Ndiyo maana kila mashine ikiwaka inasalimia "Karibu, Biubwa". Mkuu wa chuo, Mwalimu Elinipa, mwanaume na ndevu zake, ameitwa Biubwa kila asubuhi na hajawahi kulalamika. Huo ndio uongozi shirikishi.

Mwezi uliopita tawi letu la Kisarawe likatuletea maendeleo. Mhasibu Melkiori alichomeka pasi ya darasa la ushonaji kwenye ekstensheni moja na kompyuta ya usajili. Shati lilinyooka. Mazabodi, ile sahani ya ndani inayobeba viungo vyote vya mashine, ikaungua.

Tukafunga nyingine. Mashine ikawaka freshi, ila leseni ikagoma. Ilikuwa imeshikamana na mazabodi ya zamani, kwa hiyo leseni ikaiona hii ni mashine ya watu wengine kabisa. Na chuo chetu, kinachosahau hata kununua chaki, kina sheria moja kinayoikumbuka: mashine isiyo na leseni haigusi mtandao. Usajili wa mitihani ulikuwa unafungwa kesho yake, na hakuna mwanafunzi hata mmoja wa ushonaji aliyekuwa ameingizwa.

Dawa ipo, wala si uchawi. Unaiambia mashine kwamba umebadilisha kifaa, unaingia kwenye akaunti yenye leseni, unachagua mashine yako kwenye orodha, leseni inahamia. Melkiori akampigia simu Bi Biubwa huku Misugusugu kuomba paswedi.

"Paswedi? Mimi nimewahi kukuomba mswaki wako?" akajibiwa. "Nakuja mwenyewe."

Akaja na gari la chuo.

"Shikamoo, Bi Biubwa," Melkiori akasema, macho chini.

"Marahaba. Shati liko wapi? Nataka kuliona lililoua mashine."

Alikuwa amelivaa.

Bi Biubwa akafunika kibodi kwa mtandio, akachapa. Orodha ikafunguka: Biubwa Mapokezi, Biubwa Maktaba, Biubwa wa Kisarawe. Mashine zote alizipa majina mwenyewe, kama mzazi anavyowapa watoto wake. Akabonyeza, leseni ikakubali, na jioni ile wanafunzi wote wakasajiliwa.

Tukamshauri sasa leseni zote zihamie kwenye akaunti ya chuo, ambayo hatimaye uongozi umeifungua, ili yeye akapumzike bila usumbufu. Kila mashine ni kubonyeza mara moja tu. Akakubali haraka mno. Halafu, akijitanda mtandio wake:

"Hamisheni tu, wanangu. Ila mkishamaliza, mtakuwa mnanipigia kwa lipi?"

Melkiori alicheka. Peke yake.

Bi Biubwa, ahsante kwa kutuazima jina lako miaka yote hii bila kulidai. Nenda Maneromango kwenye mihogo yako, ulale mpaka jua likuchoke, Mungu akupe afya na majirani wasiopiga muziki. Simu usiizime.

Mpaka jarida hili linachapwa, mashine zote zimeshahamia akaunti ya chuo isipokuwa moja, Biubwa wa Kisarawe. Kitufe kiko wazi kwenye kioo. Mwalimu Elinipa anasema ana mikutano. Melkiori anasema yeye ni mhasibu, mambo ya vitufe hayamhusu. Na ile pasi tumeikuta leo imechomekwa palepale, ekstensheni ileile.

Mdau wangu, ungekuwa wewe ndiye umekaa mbele ya hicho kitufe, ungebonyeza?